Ndege ya Saa Mbili

Wiki iliyopita nilitafuta kwenye simu muda wa ndege kutoka Mtwara hadi Arusha. Ikaandika chini ya saa mbili, kisha ikaongeza kwamba hakuna ndege ya moja kwa moja. Nikaona aibu peke yangu.

Nilikuwa mtoto wakati bibi, mama yake baba, alipofariki nyumbani kwetu Bonga, safari ya basi kutoka Arusha. Baba alifanya kazi Mtwara, na mwalimu alikuwa ametuambia kwamba ndege huvuka nchi nzima kwa saa mbili. Basi siku ya mazishi nilimsubiri tangu asubuhi. Tukazika bila yeye.

Alifika kesho yake alasiri, uani kukinuka moshi na maharage ya waombolezaji. Shati lake lilikuwa jekundu kwa vumbi, miguu imevimba. Shikamoo sikumpa.

"Ndege ni saa mbili tu," nilimwambia mbele ya watu wote. "Wewe hukumpenda bibi."

Mama aliinua mkono anichape, baba akamzuia. Hakusema kwamba alikuwa ameshinda siku tatu kwenye mabasi. Alichuchumaa mbele yangu.

"Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa."

Nami, kwa sauti ya mtu mzima, nikamjibu kwamba nimemsamehe.