Tiyo Iliyokatwa Shingo

Msimamizi wa serikali pale Kasongo watu walimwita Bwana Kipimo, maana hakutoka nyumbani bila utepe wa kupimia. Alipima nyua za watu, akapima na vyoo vyao, na aliyepungukiwa sentimeta mbili alilala buloko, yaani jela. Haya, mwaka wa hamsini na nne akaipima mashua ya serikali, na hapo ndipo taabu ya fundi wa moteri yake, Bulaimu, ilipoanza.

Mkubwa mmoja alikuwa anakuja Ijumaa kutembezwa mto Lualaba, na Kipimo alitaka kumwekea kiti cha mahameli nyuma ya mashua. Kiti kikakataa kuingia. Tiyo, yaani bomba la moshi, ilitoka kwenye moteri, ikapanda juu kama shingo ya bata, ndipo ikashuka kutokea nyuma. Ilizuia kiti kwa sentimeta kumi na nane.

"Kata," akasema Kipimo. "Ipite chini."

"Bwana, moshi iko moto, ndiyo maana moteri inatupa maji ndani ya tiyo, ipoe. Lakini moteri ikizimika, maji ya mto itarudi kwa njia ileile. Hii shingo ndiyo inaizuia."

"Kata, ao siku saba buloko."

Siku saba! Jumapili Bulaimu alikuwa anamwoza Mwayuma, bintiye wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Nani angemwoza kama si yeye? Roho ilimuuma, lakini alikata.

Ijumaa safari ilianza vizuri, mkubwa kwenye mahameli, makreti ya divai ubavuni pake. Kijiji cha kwanza wakazima moteri ili chifu avishwe medali. Hotuba ya Kipimo ilikuwa kurasa kumi na mbili, naye hakuruka hata mmoja. Alipomaliza, nyuma ya mashua ilikuwa imedidimia kwa uzito wa divai, na mto umepanda kupitia tiyo hadi ndani ya moteri. Mashua ilivutwa kwa kamba. Mkubwa alirudi kwa mtumbwi, magoti kidevuni.

"Ulijua maji itaingia?" Kipimo alimuuliza Bulaimu.

"Nilikuambia, Bwana."

"Basi ulijua, na bado ukakata. Siku saba."

Lakini fundi mwingine hakuwepo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare. Kwa hiyo buloko ya Bulaimu ikawa mashua yenyewe, na polisi mmoja wa kumlinda. Akafungua moteri, akamwaga mafuta yaliyochanganyika na maji, akairudisha shingo ya tiyo, safari hii ndefu zaidi kwa kiganja kizima. Kiti akakitoa nje, ukingoni.

Jumapili, baba hawezi kwenda harusini, basi harusi ikashuka mtoni. Mwalimu Kassimu, aliyekuja kufungisha ndoa, alisimama kwenye matope, kanzu ameipandisha. Bulaimu akanyoosha mkono wa grisi kutoka mashuani, akaushika wa bwana harusi, Ismaël, akamwoza binti yake. Alilia waziwazi, na polisi akageuza uso.

Kisha wakamkalisha Mwayuma kwenye kiti cha mahameli. Kilimtosha, na hakuna mtu aliyekipima.