Taya Zilikuwa Zimefungwa

Siku yangu ya kwanza kazini Pinetown, kusini kabisa mwa Afrika, fomeni wa karakana hakunipa spana. Alinipa kopo la maji ya sabuni na brashi, akanipeleka nyuma ya pikapu moja kubwa. Nilikuwa nimetengeneza malori Tanga kwa miaka mingi, nikaona ananidharau.

"Paka pale kwenye mpira," akasema. "Povu likitutumka, hewa inavuja. Ukijua kuliona hilo, mengine nitakufundisha."

Alikuwa Mzulu, mtu mzima, sote tukimwita Baba. Kwake nilijifunza kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: kutunza viungo vya hewa vya kuvutia tela.

Ninyi vijana mnaoshika spana leo mjue hivi. Tela kubwa ya farasi haifungwi kwenye bampa. Shingo yake hukaa juu ya bodi ya pikapu, na chini ya shingo kuna pini nene ya chuma. Pini huingia kwenye kichwa cha kiungo, taya zikaibana. Chini ya kichwa kuna puto la mpira mzito lililojaa hewa, na shokapu mbili kando. Barabara ikipiga, puto linameza. Bila puto, kila shimo hupiga boliti zinazoshika kiungo kwenye fremu. Hewa hupimwa tela ikiwa imeshakaa juu, si kabla. Na dereva akishafunga taya, huacha breki za tela zimeshika, akavuta kidogo kuhakikisha. Baba aliturudishia somo hilo mpaka tukalichukia.

Baba alipostaafu, tukaletewa meneja wa huduma aliyejua kuongea na wateja. Puto hakulijua.

Ijumaa moja Désiré, dereva Mrundi wa mteja wetu mwenye farasi wa mashindano, alileta pikapu. "Papa, tela iko naruka sana nyuma," akaniambia. Nikapaka sabuni. Puto lilikuwa limepasuka kwenye mkunjo wa chini. Nikaandika kwenye kadi ya kazi: gari lisitoke kabla ya puto kubadilishwa.

Meneja akaisoma kadi, akacheka. "Puto jipya litachukua wiki mbili. Mashindano ni kesho. Weka vipande vya chuma badala ya puto, kiungo kikae imara."

"Hakitakuwa imara, bosi. Kitakuwa kigumu. Boliti zitakatika."

"Nimekuuliza?"

Nikamwambia mkono wangu hauweki chuma pale. Nikaenda msikitini kuswali Ijumaa. Niliporudi pikapu haikuwepo. Fundi mwenzangu alikuwa akifuta mikono, hanitazami. "Eish, kaka, nina watoto," akasema.

Kesho yake asubuhi, kwenye mteremko, tela ilichomoka, ikapinduka, na minyororo yake ya usalama ikaivuta pikapu ikalala ubavu. Farasi mmoja akafa. Désiré akavunjika paja.

Jumatatu nikaona ripoti ya karakana. Meneja ameandika: dereva hakufunga taya. Mstari mmoja tu! Mtu amelala hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba, na huku anaandikiwa kosa asilolijua.

Nikaenda kumwona. "Papa, mi nilifunga," Désiré akasema, machozi yanamtoka. "Nilivuta kidogo, tela ikashika. Sasa wanasema niko muongo. Patron mwenye farasi ananifukuza."

Kutoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwenye yadi ya magari yaliyopata ajali. Nikainama chini ya shingo ya tela. Kichwa cha kiungo kilikuwa bado kimeng'ang'ania pini, taya zimefungwa barabara, hata kwa nyundo zisingeachia. Boliti za chini ndizo zilizokatika, na vipande vya chuma vilikuwa palepale. Nikapiga picha kwa simu. Nikampigia mkaguzi wa bima, nikamngoja mpaka akaja kuona kwa macho yake.

Meneja aliniita ofisini mbele ya wote. "Nani alikutuma?"

"Hakuna. Dereva alifunga, na wewe unajua."

"Wewe ni mgeni hapa nchini. Kumbuka hilo."

"Nakumbuka kila siku. Na Désiré pia ni mgeni. Ndiyo maana ulimchagua yeye."

Mkaguzi aliandika ukweli. Jina la Désiré likasafishwa na fidia yake akapata, ila paja halikuunga vizuri. Hawezi tena kukaa muda mrefu kwenye usukani. Anauza kava za simu sokoni Warwick. Na meneja? Alihamishiwa tawi kubwa zaidi. Mimi nikapelekwa kuosha magari, na nilikaa huko mpaka meneja mwingine alipokosa mtu anayejua puto, akanirudisha.

Siku ya kustaafu walinikatia keki. Meneja huyo aliyenirudisha, kijana mwenye adabu, akasoma cheti: "Kwa utiifu wake wa miaka yote." Watu wakapiga makofi.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtiifu ni yule aliyeweka chuma. Futa neno hilo, andika fundi."

Akasema samahani, mzee, kimeshachapishwa, vyeti vyote vinaandikwa hivyo.

Nikampa mkono, nikala kipande changu cha keki, na cheti nikakiacha mezani.