Nilivyoomba ruhusa ya kufuata ARV mbele ya kikosi kizima

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni askari, koplo. Nina virusi vya UKIMWI, kwetu tunaita sida; natumia ARV na naishi kawaida tu. Tulipokuwa kambini mjini hakukuwa na stress: zahanati iko karibu, mke wangu anajua, nesi ananijua.

Kasheshe ilianza tulipopelekwa kulinda kituo upande wa Nzilo, kule kwenye bwawa la umeme. Dawa zilibaki mjini, kwa hiyo kila mwezi lazima nizifuate.

Sasa kwa wasiojua: kwetu ruhusa haiombwi ofisini. Inaombwa asubuhi kwenye mstari, kwa sauti, na sababu unaitaja mbele ya wote.

Basi nikaanza kuua wajomba. Mwezi huu msiba Lubudi, mwezi ujao msiba Kolwezi. Ukoo ulipukutika, wakuu, na wenyewe wako wazima wanakula ugali.

Asubuhi moja kamanda akachoka.

"Koplo, kwenu balibaki bangapi? Leo hauende fasi, unabaki hapa."

Vidonge vilikuwa vinakaribia kuisha, na nesi alishanionya: ukikatisha dozi, virusi vinapata nguvu. Nikapandwa na hasira. Yaani dawa yangu mwenyewe naifuata kama mwizi? Nikapiga hatua mbele.

"Commandant, hakuna mutu alikufa. Mi niko na virusi ya sida. Dawa inaisha, naomba niende kuikamata."

Nikapiga saluti, nikasubiri adhabu.

Ndipo akatoka ajuda, afisa mteule wetu, lile jitu linalotukimbiza kila asubuhi mpaka tunatapika.

"Mi pia, commandant. Ni dawa ile ile."

Kumbe na yeye misiba aliyokuwa akiombea ruhusa ilikuwa ya aina hiyo!

Kamanda akamwangalia weee.

"Na ni weye njo unachokeshaka bale bote kila asubui?"

"Ndiyo, commandant."

"Basi ile dawa ni ya muzuri. Mwende bote babili."

Baadaye kamanda mwenyewe akaongea na zahanati. Sasa nesi anakuja na gari la chakula, anatuachia dawa za miezi kadhaa, na anayetaka kupima anapima hemani. Majuzi foleni ya kupima iliishinda ya maharagwe, na wa kwanza alikuwa kamanda.

Vipimo vyangu vimerudi: virusi havionekani. Nipo zamu, bunduki begani, nina furaha mpaka naimba peke yangu.

Somo nililopata: niliwaogopa wenzangu kuliko nilivyoogopa ugonjwa, kumbe kuna mwenzangu alikuwa ananiogopa mimi.

Mliovaa sare, iwe jeshi, polisi au ulinzi wa migodini, kwenu dawa mnazipataje? Semeni. Wa kukejeli nao karibuni, nilishayasema mbele ya kikosi kizima.