Namba ya Mke Mwenzangu

Mimi ni mama Wambura, wa Kiabakari. Wengi wenu mnanijua kwa dagaa, na majirani wananijua kwa wivu. Sibishi. Leo nimesimama kwa magongo kuwaambia yaliyonipata, hasa ninyi mnaoendesha baiskeli peke yenu.

Kabla ya ajali nilikuwaga na nguvu za kutosha. Dagaa wanatoka Musoma kwa gari, nawapokea barabarani, nafunga gunia kwenye keria, naingia vijijini upande wa Butiama. Mume wangu anachimba dhahabu Buhemba, anakujaga mwisho wa wiki. Akija, analala nyumba mbili, maana alioa mke wa pili, Bhoke. Nyumba yake imepakana na yangu. Bhoke akikaanga kitunguu harufu inanifikia, na mume akicheka huko ndani nasikia. Hilo sijalizoea na sidhani kama nitalizoea.

Mwisho wa wiki mmoja mume alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu, akakifunga kwenye nailoni na kamba.

"Uwe unavaa shingoni," akaniambia. "Njia ndefu, na uko peke yako."

Nikasoma. Jina langu, kijiji chetu, na chini yake namba ya simu ya Bhoke.

"Mbona si namba yako?"

"Nikiwa shimoni simu haishiki. Bhoke yuko nyumbani muda wote."

Alipoondoka nilikitia motoni. Mimi mke mkubwa nianguke njiani, halafu aitwe yeye, aje anikute nimelala sketi imepanda? Bora nisiokotwe. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Na kitambulisho changu cha taifa kilikuwa sandukuni chini ya vitenge, kisije kikanuka samaki.

Haukupita muda. Asubuhi moja nashuka mteremko, ng'ombe wakakatiza barabara. Gari la mizigo lililokuwa nyuma yangu likawakwepa, likagonga gunia. Nilirushwa kwenye mawe ya kalavati. Paja la kulia likavunjika, taya likavunjika, mkono ninaoandikia ukavunjika. Damu ilinijaa mdomoni nikawa naimeza. Simu yangu ilisagwa na tairi. Msafiri mmoja, Mungu ambariki, alinipakia akanifikisha hospitali Musoma. Lakini aliwaambia nini? "Nimemwokota njiani, simjui." Akaendelea na safari yake.

Wauguzi wakaniita Mama Dagaa, kwa sababu ya harufu. Nilikuwa nazinduka na kupotea tena. Nikizinduka nasikia kila kitu, lakini taya limefungwa, ulimi umevimba, mkono una plasta.

"Mama, ndugu zako wako wapi?" Nilitoa machozi tu.

Kitanda cha pili alilala mama aliyeumia kidogo tu kiunoni. Asubuhi dada yake na uji, mchana shangazi na ndizi, jioni mume amemshika mkono. Nilimwonea wivu mpaka nikajishangaa, mtu umevunjika hivyo wivu unapata wapi nafasi? Ulipata.

Kisha nikamsikia daktari akimwambia muuguzi, "Paja hili lazima tulifungue, na damu yake imepungua mno. Kundi lake halipo kwenye akiba. Tafuteni ndugu zake. Tukichelewa tutaupoteza mguu, au tumpoteze mwenyewe."

Nikajua nakufa, na nakufa nikiitwa Mama Dagaa.

Nyumbani nako, haya niliyasikia baadaye. Mume alirudi akakuta sipo. Hakushtuka. "Ameenda kwao Bunda. Hasira zikiisha atarudi." Kweli, nimekimbilia kwetu Bunda mara nyingi tu, kila nikichoka na vicheko vya nyumba ya pili.

Bhoke akamkatalia. "Hajaenda Bunda. Dada akienda kwao anafunga jiko kwa kufuli. Jiko liko wazi, na sukari iko mezani."

Mnaelewa? Mimi nikienda kulala mbali nafunga jiko kwa sababu ya Bhoke huyohuyo, asiniguse sukari. Na yeye miaka yote alikuwa analiona lile kufuli, anajua maana yake, kanyamaza.

Mume akapiga simu Bunda, wakamwambia sikufika. Bhoke akashika njia ya Butiama, anauliza wateja wangu nyumba kwa nyumba, mpaka akakuta dagaa wamemwagika kwenye kalavati na kunguru wanawagombania. Wachunga ng'ombe wakamwambia mtu aliyegongwa hapo alipelekwa Musoma.

Alipoingia wodini uso wangu ulikuwa umevimba, hata mama yangu mzazi asingenitambua. Akafunua shuka upande wa miguu, akaangalia kidole changu kidogo, kile kilichopinda baada ya kukanyagwa na ndama.

"Ni huyu," akasema. "Ni dada yangu."

Nikafungua macho. Watu wote wa Mara walivyo wengi, akaja Bhoke. Nilifurahi nikalia, na ndani ya furaha hiyohiyo roho ikaniuma kwamba ni yeye.

Akapimwa damu, ikawa kundi langu. Akatoa. Nikaiona ile chupa inaniingia tone kwa tone, nikawaza: mume nimegawana naye, uwanja nimegawana naye, sasa mpaka mishipa. Siku iliyofuata wakanifungua paja, wakaweka chuma.

Baada ya hapo Bhoke ndiye aliyenilisha uji kwa mrija. Mgonjwa haulizwi uji, na mimi sikuulizwa. Alinigeuza mgongo usioze, akaondoa haja zangu kubwa na ndogo bila kukunja uso. Mume alipofika akasimama katikati ya wodi, akasema kwa sauti, "Bila Bhoke leo tungekuwa tunazika." Lilikuwa neno la kweli. Lakini amsifie mbele ya watu wote vile, na mimi nimelala pale? Laiti taya lingekuwa zima, angenisikia.

Taya limepona. Mkono umepona. Paja linauma mvua ikikaribia, na mazoezi naendelea nayo. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari na wauguzi, na yule msafiri nisiyemjua jina. Ninyi wa baiskeli, andikeni kwenye kipande cha boksi jina lenu, kijiji, ugonjwa mlionao, na namba ya mtu anayepokea simu. Msiandike mnayempenda kuliko wote kama simu yake iko shimoni. Kivaeni mwilini, maana simu inasagika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi niliongezea taya.

Siku hizi baiskeli anaendesha Bhoke, maana dagaa hawawezi kunisubiri. Juzi asubuhi anafunga gunia, nikaona kadi shingoni kwake. Nikaivuta nikasoma. Ameandika jina lake, Kiabakari, na namba ya dada yake aliyeolewa Bunda.

Wivu ukanipanda mpaka nikashika ukuta.

"Bhoke," nikamwambia, "huyo wa Bunda atafika saa ngapi? Anakijua kidole chako gani? Mimi niko hapa, ukikohoa nasikia."

Akaangalia chini. "Niliogopa, dada. Nilidhani wakikupigia habari zangu hutapokea."

Nikamwambia alete kalamu.

"Nimfute dada?" akauliza.

"Muache," nikasema. "Ila mimi niandike juu yake."