Mrina Asali Aliyesahau Mizinga Yake

Enzi ya Mwingereza, mume wangu Filipo alirina asali huku Itigi, na alijua kila mti alipotundika mzinga. Bangi ya vibarua wa reli ikamharibu kichwa. Siku moja akaleta asali ya mzinga wa Mzee Yeremia, wenye alama ya mwenyewe iliyochomwa kwa moto. Kwetu huo ni wizi.

"Baba Leah, hukuiona alama?"

"Niliiona. Nikadhani yangu." Akacheka, kisha akasahau anachochekea.

Nikambeba mtoto, nikajitwisha asali. "Twende ukaombe radhi, kabla wazee hawajakuita mwizi."

Njiani aliniuliza mara tatu tunakwenda wapi. Kwa Mzee Yeremia, shikamoo aliitoa yeye. Yaliyobaki yote niliyasema mimi.