Mawe Yanayometa Chini ya Sakafu

"Hivi wewe, Mama Nyundo, unaponda kokoto au unatafuta dhahabu?" jirani yake alimuuliza siku moja, alipomkuta anachambua mawe yenye chembe za manjano zinazometa.

"Ingekuwa dhahabu ningekaa hapa na wewe?" Wakacheka.

Mawe yale alikuwa akimwekea binti yake wa pekee, aliyekuwa anajenga. Yalikuwa mazito kuliko mengine, naye, baada ya miaka ishirini ya kuponda, aliamini jiwe zito ndilo gumu. Aliyamwaga mwenyewe chini ya sakafu ya vyumba vyote viwili, akayanywesha maji yashikane, huku akimwombea mtoto baraka.

Mwaka wa tatu sakafu ikavimba. Mlango wa chumbani ukagoma kufunguka. Ukuta ukapata ufa wa kupitisha vidole, na chini ya ufa huo ndipo binti alipokuwa akilala na mimba yake ya miezi minane.

Fundi aliyeijenga nyumba alimleta mtaalamu wa miamba. Mtaalamu akatoboa sakafu, akatoa kokoto zenye kutu na unga mweupe.

"Mama, jiwe hili liliumbika kwenye tope la kale lisilo na hewa," alisema taratibu. "Chuma na salfa vikashikana. Likiwa ndani ya mwamba halina neno. Likivunjwa, likipata hewa na maji, linaoza na kutoa asidi. Asidi ikikuta chokaa iliyomo kwenye kokoto na saruji, inazaa chumvi, na chumvi hiyo inataka nafasi. Ndiyo inayoinua nyumba."

"Itaacha lini?" Mama Nyundo aliuliza.

"Haitaacha, mpaka kokoto zote zitolewe."

Mama Nyundo akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Mama, usijiumize," binti alisema. "Nitahamisha kitanda tu."

"Utahamishia wapi, mwanangu, na kuta zote zinatembea?"

Mama Nyundo alipiga magoti palepale kwenye sakafu iliyotuna. Alitaja jina la Mungu, akakumbuka baraka alizoziomba juu ya mawe yaleyale. Aliinuka bila kumaliza, akaenda moja kwa moja machimboni. Waponda kokoto wenzake wakaweka nyundo chini walipomwona hana kilemba kichwani.

"Kuna nini, dada?" mmoja aliuliza.

"Naombeni sururu na watu wawili," alisema. "Nataka kuzitoa kokoto zote chini ya nyumba ya binti yangu, kabla mjukuu wangu hajazaliwa."