Niliuza Ombi la Dada Yangu

Mimi ndiye mkosaji. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia katikati ya habari hii.

Nimeharibu maisha ya mpwa wangu kwa kidole gumba. Yeye alikuwa Marekani, chuoni, akicheza mpira wa kikapu kwa ufadhili. Mimi nilikuwa hapa Birmingham, Uingereza, kwenye chumba cha mapumziko cha ghala moja mtaa wa Nechells, chai yangu mezani.

Mama yake ni dada yangu. Tulipokimbia kutoka Kongo alinibeba mgongoni hadi kambini Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki cha shuleni. Mume wake alifariki tukiwa tumeshafika Uingereza. Anafanya usafi hospitalini, na binti huyo, nitamwita Neema, ndiye mtoto wake wa pekee. Siku Neema alipopata ufadhili, dada alicheza kanisani mpaka kilemba kikaanguka.

Kubeti nilianza kwa utani, kama wengi. Kwanza ligi kubwa za hapa, kisha nikagundua kwamba hata michezo ya wanafunzi wa Marekani ipo kwenye simu. Unaweza kubeti mwanafunzi mmoja atafunga pointi ngapi. Mwanafunzi, jamani! Mtoto mwenye mtihani kesho asubuhi! Siku nilipoliona jina la Neema kwenye orodha ile nilijivuna, nikawaonyesha wenzangu kazini. Nilipaswa kuogopa.

Sasa sikia nilichofanya.

Dada alikuwa na kundi la maombi kwenye simu, watu tisa tu wa kanisani kwetu, nami nimo. Jumatano moja akatuma ujumbe wa sauti, analia.

"Wapendwa, muniombee mutoto wangu. Goti yake imeharibika. Coach anakataza mutu asijue, juu timu ingine itafurahi. Samedi atacheza kidogo tu, kisha dokta wao atamupasua. Vraiment, munisaidie na maombi."

Nikajibu "Amina." Nikaweka na vile vimikono vya kuomba. Kisha, kwa kidole hicho hicho, nikafungua programu ya kubeti nikaweka kwamba Jumamosi Neema atafunga pointi chache.

Ole wangu! Hata kumwombea sikumwombea.

Ningeishia hapo labda pangekuwa na nafuu. Lakini kazini nina rafiki Mkenya, nitamwita Kamau, ambaye kila wiki alinicheka mkeka wangu wa kubeti ukichanika. Nikataka siku moja nionekane mjuzi. Nikamwambia habari za goti.

"Buda, hiyo ni sure bet ama ni story?" akaniuliza. "Nitumie kitu ya kuonyesha. Maneno tu siwezi weka pesa."

Nikamtumia ile sauti. Sauti ya dada yangu akilia! Nilijiambia ni Kiswahili, nani huko nje ataelewa.

Jumamosi Neema alicheza dakika sita. Nilimwona kwenye simu akichechemea, na ukutani nyuma yake linawaka tangazo la kampuni ya kamari, kampuni yangu mimi, ile ninayobetia. Alipotolewa nje nilishangilia. Naliandika neno hilo tena: nilishangilia.

Kumbe Kamau aliipeleka sauti kwenye kundi lake, na kundi likaipeleka kwingine. Kampuni ikashangaa kuona watu wengi wa mji mmoja wa Uingereza wanabetia mchezaji wa chuo kidogo namna ile, ikakiarifu chuo. Wiki haikuisha, sauti ya dada ikawa mtandaoni, na tafsiri ya Kiingereza chini yake.

Neema akaitwa ofisini. Wakamwekea sauti, wakamuuliza kama anamjua huyo anayelia. Akasema ndiyo, ni mama yangu. Kanuni zao zinamkataza mchezaji kutoa nje habari za majeraha, naye alikuwa ametia saini. Akaondolewa timu, ufadhili ukakatwa, na ule upasuaji wa goti ambao chuo kingelipia haukufanyika. Chuo kinachokula pesa za matangazo ya kamari! Lakini sitajificha nyuma ya chuo. Mimi ndiye niliyebonyeza.

Nilimpokea uwanja wa ndege mwenyewe. Garini alikaa kiti cha nyuma, mguu kaunyoosha. Tulipokaribia kwao, mtaa wa Acocks Green, akaniambia bila kunitazama.

"Uncle, there were nine people in that group. Only one of them bets."

Watu tisa, na anayebeti ni mmoja. Akaniomba nisimwambie mama yake kamwe, kwa kuwa hana ndugu mwingine duniani. Na mimi nikashukuru! Mtoto niliyemwangamiza ananisitiri, nami moyoni nashukuru!

Dada yangu anaamini kosa ni lake. Alisimama mbele ya kanisa zima akalia, "Ni mudomo yangu. Mimi njo niliua masomo ya mutoto." Nilikuwa safu ya pili. Nilimpa leso. Kundi la maombi likafungwa, na tangu hapo hajamwomba mtu yeyote amwombee jambo lolote.

Wiki iliyopita Neema, ambaye sasa anapanga bidhaa dukani na goti limefungwa bandeji, alinipigia simu. Akasema mama amelazwa. Siku ya tatu hiyo! Katika hospitali hiyo hiyo anayoisafisha, na kanisani hakuna anayejua. Uvimbe tumboni.

Nilikimbia. Nikamkuta amegeukia ukutani.

"Yaya, dada yangu, kwa nini hukusema?"

"Nikisema, inaharibika," akanijibu. "Si uliona ya Neema?" Kisha akanishika mkono. "Weye uniombee. Lakini kimya kimya. Usiambie mutu."

Nilifungua mdomo nimwambie. Akafumba macho, akisubiri nianze kuomba. Nikaomba. Sijui nilimwambia Mungu nini.

Wewe unayebeti michezo ya wanafunzi, nakusihi. Ukiletewa habari ya ndani, jua kuna nyumba ilikotoka, na kuna mtu katika nyumba hiyo aliyeaminiwa akaitoa. Futa programu hiyo leo. Na kama umeshafanya kama mimi, sema mapema, usingoje siku uliyemuumiza atakapokuomba umwombee. Siku hiyo ikifika utashindwa, kama nilivyoshindwa.

Dada atapasuliwa Alhamisi. Kanisa zima lina watu waaminifu, na aliyemchagua kumtunzia siri ni mimi.